Mtumbwi wa Mapanki

Hadi nilipofika darasa la tano niliamini kwamba Nyegezi kuna mto. Ukisimama ufukweni unaiona ng'ambo, vilima vya upande wa Sengerema viko wazi, na mtoto hajui kwamba maji yenye ng'ambo yanaweza kuwa ziwa. Kumbe ni Ghuba ya Mwanza, mkono wa Ziwa Viktoria unaoingia nchi kavu takribani kilomita 60 kuelekea kusini. Nikiwa nyumbani bado nauita mto.

Jumamosi tulishuka kutoka Mkolani kwa miguu: Baba, Bibi, dada yangu na mimi. Mtumbwi ulikuwa wa baba mdogo, wa mbao, nyufa zake zimezibwa kwa pamba. Pamba haikuzuia kila kitu, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuchota maji kwa kopo la rangi. Baba alipiga kasia tukiambaa na ufuko, tukapita Butimba, Mkuyuni, Bandari ya Mwanza Kusini na mabehewa yake, mpaka Igogo kwenye viwanda vya minofu. Pale tulinunua mapanki, yaani kinachobaki sangara akishatolewa minofu: kichwa, mgongo na mkia. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya. Mapanki yalipanda mtumbwi wetu, kwa sababu makondakta wa daladala hawakuyataka magunia yale.

Tulirudi tumeyakalia. Kwangu ilikuwa matembezi. Dada alikuwa mkubwa zaidi, alijifunika kanga usoni kila tulipopishana na mtumbwi mwingine. Jioni Bibi alitenga vichwa viwili vya supu yetu, vilivyobaki alivikaanga na kuviuza barabarani.

Sasa nasoma historia, na nimegundua kwamba Bibi alikuwa mzee kuliko biashara yake. Sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Alipandikizwa kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, upande wa kaskazini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walipoanza kazi hapa ghubani mwaka 1977, maji yalikuwa bado ya furu, samaki wadogo wenye mifupa mingi. Ziwa zima lilikuwa na aina zaidi ya 500. Walikuwa wengi kiasi kwamba Mwanza kulijengwa kiwanda cha kuwasaga kuwa chakula cha mifugo. Kisha, katika miaka ya 1980, sangara akafurika, na ndani ya miaka michache nyavu zikawa zinatoka bila furu. Watafiti waliokuja kuhesabu aina za samaki wakajikuta wanaandika orodha ya waliotoweka. Viwanda vya minofu vilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mapanki navyo.

Mwaka 2004 Hubert Sauper, raia wa Austria, alitoa filamu ya Darwin's Nightmare, aliyoipiga Mwanza. Ndani yake mapanki yamejaa mabuu. Mwaka 2006 filamu hiyo ilishindania tuzo ya Oscar, na Rais Kikwete akaishutumu hadharani. Magazeti yakajaa ubishi: je, watu wa Mwanza wanakula mapanki, au wanasingiziwa? Nilikuwa na miaka minane. Siku moja mwalimu aliuliza darasani ni nani kwao wanakula mapanki. Nakumbuka ukimya ule. Niliwajua angalau watoto sita waliokuwa wateja wa Bibi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekunywa supu yake usiku uliotangulia, na mkono wangu ulibaki mezani. Mwalimu akasema, mnaona, ni uongo wa wazungu.

Nimeisoma mabishano ile upya kwa ajili ya tasnifu yangu, na sidhani kama pande zote mbili zilikuwa na nafasi ya mtu kama Bibi. Upande mmoja alikuwa ushahidi wa njaa. Upande mwingine hakupaswa kuwepo kabisa. Wala mimi si wa kuwalaumu sana, kwa kuwa nilikuwa shahidi nikakaa kimya.

Likizo iliyopita nilikwenda Mkolani na kinasa sauti. Bibi hakutaka kuanza na sangara. Alianza na furu, walivyokaushwa juani, walivyotafunwa pamoja na mifupa. Nilipomsomea aya niliyoandika, kwamba familia za wilaya yetu ziliishi kwa mabaki ya viwandani, alinikatisha.

"Mabaki gani? Andika tulinunua. Hatukuokota."

Kisha akaanza kunitajia bei, mwaka hadi mwaka, na betri ikaisha kabla hajafika mwaka ule wa filamu.