Vang: Asili ya Jina na Safari Yake

Kijiji cha Vang kimo katika bonde la Valdres nchini Norwe, kando ya ziwa Vangsmjøse. Atazamaye ramani aweza kudhani kwamba kijiji kilirithi jina la ziwa. Kwa hakika mambo ni kinyume: ziwa ndilo lililotwaa jina la kijiji, na kijiji nacho kililipata kutokana na shamba moja.

Katika Kinorse cha kale, neno vangr lilikuwa na maana ya konde au uwanda wa majani. Ndugu zake wamo katika lugha nyingine za jamii hiyo. Kiingereza cha kale kilikuwa na wang, na Kigothi kilikuwa na waggs, neno ambalo katika tafsiri ya Biblia ya karne ya 4 lilisimama mahali pa neno peponi. Katika visasili vya Kinorse, makao ya mungu wa kike Freyja yaliitwa Fólkvangr. Neno hili, basi, halikuwa geni wala adimu. Lilikuwa neno la kila siku lililogeuka jina.

Kugeuka huko kulipitia hatua kadhaa. Kwanza liliitwa shamba. Yapata mwaka 1200 kanisa la mbao lilijengwa katika shamba hilo, likaitwa kwa jina lake. Parokia ikafuata jina la kanisa, na mwaka 1838, serikali za mitaa zilipoanzishwa nchini Norwe, halmashauri nayo ikafuata jina la parokia. Kadiri jina lilivyoenea ndivyo maana yake ya awali ilivyofifia, kwa kuwa halmashauri yenye milima na maziwa haiwezi kuitwa konde.

Hatua ya mwisho ndiyo yenye funzo kubwa zaidi. Kanisa lile lilipochakaa na kuwa dogo kwa waumini, wenyeji walijenga jingine. Mchoraji J. C. Dahl, akichelea kwamba la kale lingeangamia, alilinunua mwaka 1841, na Mfalme Friedrich Wilhelm IV wa Prusia akaligharimia. Mbao zilisafirishwa hadi Berlin, kisha zikapelekwa katika milima ya Silesia, na kanisa likawekwa wakfu huko mwaka 1844. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia eneo hilo likawa sehemu ya Poland, na mji wake sasa ni Karpacz. Kanisa lingali linaitwa Wang. Herufi imebadilika, lakini sauti ya mwanzo haikubadilika, maana katika Kijerumani na Kipoland herufi W husomwa kama V.

Mtaalamu atakayelikuta jina hilo Karpacz, akatafuta maana yake katika Kipoland au katika sura ya mlima, atatoka mikono mitupu. Hapana budi arudi kwenye historia ya watu waliolihamisha. Ndiyo kusema kwamba maana ya neno na sababu ya mahali kuitwa kwa neno hilo ni maswali mawili mbalimbali. Kamusi yaweza kujibu la kwanza. La pili halijibiki ila kwa kufuata nyayo za jina lenyewe, kutoka mahali hadi mahali, hadi pale konde lilipokuwa.