Kanuni za Ushindi na Maandalizi ya Farasi wa Masafa Marefu, 1892–2015

1.0 Utangulizi

Farasi aliyeandaliwa ipasavyo anaweza kubeba mpandaji kilomita 160 kwa siku moja, na asubuhi inayofuata akala na kutembea bila kuchechemea. Mwingine wa mbegu hiyohiyo, aliyeharakishwa, huweza kufia njiani. Aghalabu tofauti hii huelezwa kwa ustadi wa mfunzaji au ubora wa mbegu. Makala haya yanadai kwamba, kihistoria, kanuni ya ushindi imekuwa na uzito usiopungua wa mambo hayo mawili. Kila kanuni ililinda kile ilichokipima, kisichopimwa kilipuuzwa. Hoja hii inafuatiliwa katika vipindi vitatu: Ulaya mwaka 1892, Marekani kuanzia 1919, na nchi za Ghuba kuanzia miaka ya 1990.

2.0 Ulaya: Muda kama Kipimo Kikuu

Oktoba 1892, maofisa wa Ujerumani waliondoka Berlin kuelekea Vienna, na wenzao wa Austria-Hungaria wakatoka Vienna kuelekea Berlin, umbali wa takriban kilomita 580. Zawadi kuu ilikuwa ya atakayetumia muda mfupi zaidi. Mshindi, Wilhelm Starhemberg, alitumia takriban saa 71. Farasi wake, Athos, alikufa muda mfupi baada ya kufika, na farasi wengine zaidi ya 20 walikufa kutokana na safari hiyo. Lawama za watetezi wa wanyama zilifuata. Hata hivyo, maofisa hawa walikuwa wapandaji hodari waliowajua farasi wao. Hawakukosa maarifa, shindano lenyewe ndilo halikuwapa sababu ya kusimama farasi alipochoka.

3.0 Marekani: Hali ya Farasi kama Kipimo

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wafugaji wa farasi wa Kiarabu nchini Marekani walitaka kulithibitishia jeshi kwamba mbegu hiyo inafaa kwa askari wapandafarasi. Katika jaribio la mwaka 1919, farasi walisafiri takriban maili 300 (kilomita 480) kwa siku tano, wakibeba mizigo mizito. Safari hii hesabu haikuishia kwenye mwendo: chakula walichokula na hali zao baada ya safari vilitiwa maanani pia. Jike wa Kiarabu aitwaye Ramla alishinda.

Mwaka 1955, Wendell Robie na wenzake wachache walivuka milima ya Sierra Nevada hadi Auburn, California, maili 100 ndani ya siku moja. Safari hiyo ilizaa shindano la kila mwaka, Tevis Cup, ambamo kila anayemaliza ndani ya saa 24, farasi wake akiwa bado anafaa kuendelea, hutunukiwa. Tangu 1964, tuzo ya pili, Haggin Cup, hutolewa kwa farasi aliye katika hali bora kuliko wenzake miongoni mwa kumi wa kwanza. Madaktari wa mifugo walipewa mamlaka ya kumwondoa farasi njiani kwa kupima mapigo ya moyo, kubonyeza ufizi ili kuona kasi ya damu kurejea, na kumtazama akikimbia polepole.

Mazoezi nayo yakabadilika. Kwa kuwa farasi hupita kituo pale tu moyo wake unapotulia upesi, wapandaji walijifunza kumjenga kwa safari ndefu za mwendo wa pole, huku umbali na kasi vikiongezwa kwa zamu, kamwe si kwa pamoja. Mwenda pole hajikwai: methali hii ikawa sawa na mbinu ya kisayansi.

4.0 Ghuba: Upungufu wa Kipimo cha Moyo

Mashindano ya dunia yalifanyika Dubai mwaka 1998, na mchezo ukakua haraka katika Ghuba. Njia za tambarare ziliruhusu kasi ambayo milima ya California haikuiruhusu kamwe. Hapa ndipo kipimo cha moyo kilipoonyesha kikomo chake. Moyo na misuli ya farasi huimarika ndani ya miezi michache. Kano na mifupa huhitaji mwaka mmoja au zaidi. Kwa hiyo farasi anaweza kufika kituoni, moyo wake ukashuka hadi mipigo 64 kwa dakika ndani ya muda uliowekwa, ilhali miguu yake haijawa tayari kwa kasi hiyo. Mivunjiko ya miguu na madai ya ukiukaji wa kanuni vilichangia Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi kulisimamisha shirikisho la Umoja wa Falme za Kiarabu kuanzia Machi hadi Julai 2015.

Kanuni za kimataifa sasa zinalenga pia kile ambacho kipimajoto na kipimamoyo havikioni: umri wa chini wa farasi, na siku za lazima za mapumziko baada ya shindano, ambazo huongezwa kwa aliyekwenda kwa kasi kubwa. Kwa maneno mengine, kanuni imeanza kuupa mfupa muda wake.

5.0 Hitimisho

Historia hii ina funzo kwa watunga sera wa ukanda wetu, ambako mzigo mkubwa wa kazi za wanyama hubebwa na punda na ng'ombe wa kukokota. Sheria inayokataza ukatili kwa jumla huingilia kati mnyama akiwa ameshaumia. Kanuni inayoweka uzito wa juu wa mzigo, umri wa kuanza kazi na saa za kupumzika humfikia mapema zaidi. Swali la kwanza kwa kila rasimu liwe hili: ni sehemu gani ya mwili wa mnyama ambayo kipimo chetu hakiioni?