Ngazi na Nondo

Usiku wa kuamkia Septemba 14, 2020, moto uliunguza bweni la Shule ya Msingi Byamungu Islamic, wilayani Kyerwa. Watoto 10 walifariki. Kila baada ya msiba wa namna hii tunauliza: zimamoto walikuwa wapi? Swali halali, ila moto wa magodoro haungoji gari lipande milima ya Karagwe.

London ya karne ya 19 ilikuwa na ngazi ndefu za magurudumu, zinasukumwa mitaani hadi kwenye nyumba inayoungua. Zilitaka kitu kimoja tu: dirisha linalopitika. Sisi huku nyumba nyingi si za ghorofa, mtu angeruka tu. Lakini tumeweka nondo, majumbani kwa kuogopa wezi, mabwenini ili wanafunzi wasitoroke. Kenya walishaliona hilo: Bombolulu, Machi 1998, wasichana 26; Kyanguli, Machi 2001, wavulana 67. Kote kulikuwa na nondo madirishani, na mlango uliofungwa.

Nondo zenye bawaba, zinazofunguka kwa ndani bila ufunguo, fundi yeyote wa kuchomelea pale Kayanga anaweza kuzitengeneza. Wateja wanaagiza za kudumu.