Ushauri nasaha katika shule za umma nchini Kenya

Ushauri nasaha katika shule za umma nchini Kenya ni huduma inayotolewa kwa wanafunzi wa shule za msingi na sekondari za serikali ili kuwasaidia katika matatizo ya masomo, ya kifamilia na ya kinafsi, yakiwemo matatizo ya afya ya akili kama vile wasiwasi uliopita kiasi na sonona. Shuleni huduma hii hujulikana pia kama uelekezi na ushauri nasaha. Tofauti na nchi zinazoajiri wanasaikolojia wa shule, nchini Kenya kazi hii imeachiwa kwa kiasi kikubwa mwalimu wa kawaida mwenye vipindi vyake vya kufundisha, ambaye huitwa mwalimu mshauri.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kwa hesabu hiyo, darasa la wanafunzi 50 linaweza kuwa na watoto 7 hivi wa namna hiyo. Wengi wao hawafiki hospitalini. Mtu mzima wa kwanza anayeweza kuona kwamba mtoto amebadilika ni mwalimu, hasa katika shule za bweni, ambako mwanafunzi hukaa mbali na wazazi karibu muhula mzima.

Historia

Huduma hii ilianza kama mwongozo wa kuchagua kazi. Baada ya uhuru nchi ilihitaji watumishi wa kujaza nafasi nyingi, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iligusia haja ya kuwaelekeza wanafunzi. Mwaka 1971 Wizara ya Elimu iliunda kitengo cha uelekezi na ushauri. Ripoti ya Gachathi (1976) ilitaka walimu wafundishwe somo hilo vyuoni, na Ripoti ya Kamunge (1988) ikakazia jambo hilohilo. Kwa miaka mingi mwalimu mshauri aliulizwa zaidi kuhusu michepuo ya masomo na fomu za kujiunga na vyuo kuliko kuhusu huzuni ya mtu.

Kilichobadilisha mambo ni moto. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, katika wilaya ya Machakos, lilichomwa wanafunzi wakiwa wamelala. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Wavulana 67 walikufa. Mwaka huohuo serikali ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni, na kikosi kazi kilichochunguza utovu wa nidhamu na machafuko katika shule za sekondari, ambacho taarifa yake hujulikana kama Ripoti ya Wangai, kilipendekeza ushauri nasaha uimarishwe. Marufuku ya kiboko ilirudiwa katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013.

Kwa kuwa mambo hayo yalikuja pamoja, walimu wengi walielewa kwamba ushauri umeletwa kuchukua nafasi ya kiboko. Hapo ndipo ulipo mzizi wa ugumu mwingi wa huduma hii hadi leo. Kiboko kilikuwa adhabu, na kitu kilichowekwa mahali pake kilianza nacho kuonekana kama adhabu. Mwanafunzi aliyechelewa, aliyepigana au aliyejibu vibaya alipelekwa "akashauriwe", huku yule aliyenyamaza kwa wiki tatu bila kula vizuri hakupelekwa popote, kwa sababu hakumsumbua mtu.

Moto haukukoma. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 zilichomwa katika mwaka mmoja. Septemba 2017 wasichana 10 walikufa katika moto wa bweni la Moi Girls, Nairobi. Mwaka 2021, baada ya shule kufungwa kwa miezi mingi kutokana na korona na kalenda ya masomo kubanwa ili kufidia muda uliopotea, mabweni yaliungua tena katika sehemu nyingi za nchi, na serikali ikalazimika kuongeza mapumziko ya katikati ya muhula. Si sahihi kuhesabu kila moto kuwa dalili ya ugonjwa wa akili. Migomo mingi ina sababu za wazi, kama chakula kibaya, hofu ya mitihani au ukali wa uongozi. Hata hivyo, shule ambayo wanafunzi wake hawana mtu wa kumweleza shida mapema huzisikia shida hizo zikiwa zimechelewa.

Mwalimu mshauri na suala la siri

Katika shule nyingi mwalimu mkuu humteua mwalimu mshauri kwa kuangalia tabia yake: mtu mzima, mpole, mara nyingi mama, au mwalimu wa dini. Sifa hizo ni njema, lakini si mafunzo. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inataka wanaofanya kazi ya ushauri kitaaluma wawe wamesajiliwa. Mwalimu aliyekabidhiwa idara hii pamoja na hisabati ya kidato cha tatu yuko mbali na matakwa hayo. Tangu serikali ilipoanza, mwaka 2018, kusukuma wanafunzi wote wanaomaliza shule ya msingi waingie sekondari, madarasa yamejaa na muda wake umezidi kupungua.

Tatizo kubwa kuliko muda ni siri. Mwalimu mshauri ndiye pia anayesahihisha mitihani, anayekaa zamu na anayehudhuria kikao cha nidhamu. Mwanafunzi anajua kwamba alichosema saa nne kinaweza kufika chumba cha walimu kabla ya chakula cha mchana. Mwalimu naye huvutwa pande mbili: akisikia kwamba mtoto anadhulumiwa au anafikiria kujidhuru, hana budi kuwahusisha wengine, na inampasa kumweleza mtoto hivyo tangu mwanzo. Mambo mengine yote yanapaswa kubaki chumbani. Mpaka huo usipotajwa waziwazi, wanafunzi hudhani kwamba hakuna siri hata kidogo.

Sheria yenyewe iliongeza woga huo kwa muda mrefu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kwa hiyo mwanafunzi aliyekiri kwa mwalimu alikuwa kama anakiri kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba.

Vijana kama watoa huduma

Njia mojawapo iliyojaribiwa ni kumtoa mwalimu katika nafasi hiyo kabisa. Mpango wa Shamiri, ulioanzishwa na Mkenya Tom Osborn na wenzake, huwatumia vijana waliomaliza sekondari karibuni na kupewa mafunzo mafupi. Kijana huyo hukutana na kikundi kidogo cha wanafunzi kwa saa moja kila wiki, kwa wiki 4. Hawazungumzii ugonjwa. Wanazungumzia uwezo wa mtu kubadilika na kukua, shukrani, na mambo ambayo kila mmoja anayathamini maishani. Mtoto anaweza kuhudhuria bila kubandikwa jina la "mgonjwa wa akili", na hilo si jambo dogo mahali ambapo neno hilo hutumika kama tusi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la *JAMA Psychiatry* ulihusisha wanafunzi 413 wa shule 4 za sekondari waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi. Nusu yao walipata Shamiri na wengine walifundishwa mbinu za kusoma. Dalili zilipungua zaidi kwa waliopata Shamiri. Njia hii inafaa dalili za kawaida. Haiwezi kuchukua nafasi ya daktari kwa mtoto anayesikia sauti au aliye katika hatari ya kujiua.

Rufaa

Mtoto wa namna hiyo hupaswa kupelekwa hospitali ya kaunti au, kwa hali ngumu, Hospitali ya Mathari jijini Nairobi. Jopo la taifa lililoongozwa na daktari Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba matatizo ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Madaktari wa akili ni wachache na wengi wako mijini, kwa hiyo familia ya mbali hulipa nauli ya watu wawili kwa kila miadi.

Kuna pia namba ya simu ya watoto, 116, ambayo hupigwa bure saa 24. Wanafunzi wa shule za bweni hawaruhusiwi kuwa na simu, na anayetaka kuipiga akiwa shuleni hulazimika kwanza kumwomba mwalimu.