Askari wa Khedive Ismail wanastahili mahali Mtumba

Kila Julai 25, mkuki na ngao vinapowekwa kwenye mnara wa mashujaa katika Mji wa Serikali Mtumba, Dodoma, taifa hukumbuka waliokufa wakiitetea nchi. Waliozama Februari 12, 1944 hawatajwi. Siku hiyo, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli ya Khedive Ismail kwa topido mbili, nayo ikazama kwa muda usiofika dakika mbili. Ilitoka Mombasa ikielekea Colombo na watu 1,511. Kati yao, 996 walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki. Walikufa watu 1,297, wakiwamo wanawake 77, wengi wao wauguzi.

Brian James Crabb, aliyeandika kitabu kizima kuhusu msiba huu mwaka 1997, ndiye anayetegemewa hapa, na ugomvi mkubwa unahusu kilichofuata. Manowari ya Paladin ilishusha mashua kuwaokoa walioshikilia mbao na maboya. Manowari nyingine, Petard, iliyoongozwa na Rupert Egan, ikaifukuza I-27, nayo nyambizi ikajificha chini ya watu waliokuwa wakiogelea. Petard ikaangusha mabomu yanayolipukia chini ya maji katikati ya manusura, na baadhi wakafa kwa silaha za waliokuja kuwalinda. Nyambizi ilipoibuka, Paladin ilijaribu kuigonga ikachanwa ubavu. Ni topido ya saba ya Petard iliyoimaliza. Wanaomtetea nahodha husema kulikuwa na meli nyingine nne za abiria katika msafara, na I-27 ikiachwa ingerudi kuua. Hoja hiyo ina uzito, na ni vigumu kuona angefanya nini kingine. Lakini ukiikubali, umekubali pia kwamba askari wale walilipa kwa maisha yao ili maelfu wengine wafike salama. Anayetolewa sadaka kwa ajili ya wenzake ana dai ambalo marehemu wa kawaida hana: jina lake litajwe.

Pingamizi linalosikika zaidi ni kwamba vile vilikuwa vita vya Waingereza, na mnara wa taifa huru hauwahusu. Ni kweli Tanganyika haikuulizwa. Lakini ilitoa watu wapatao 87,000 katika vita vile, wengine kwa hiari, wengine kwa kulazimishwa, na amri ya mkoloni haipunguzi uzito wa mtoto wa mtu aliyezama. Ugogo, eneo la Dodoma, inalijua jambo hili kuliko wengi. Njaa ya Mtunya, iliyoanza mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza baada ya majeshi ya pande zote mbili kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi, ingali inatajwa hadi leo ingawa vita havikuwa vya Wagogo. Mtunya uliacha makaburi nchi kavu, na simulizi likapata pa kushika. Bahari haiachi kaburi la kuonyesha, ndiyo maana maandishi yanahitajika zaidi. Na majina hayatafutwi gizani: ya wengi waliozama na Khedive Ismail yamechongwa kwenye mnara wa Afrika Mashariki, katika makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi, na kuyanakili hadi Dodoma ni kazi ya wiki chache kwa karani mmoja makini.