Daktari wa mtandaoni: intaneti yajua maradhi, haimjui mgonjwa

Mamilioni ya watu duniani huiuliza intaneti juu ya afya zao kabla ya kumwuliza daktari. Kwa Waafrika Mashariki walio mbali na nyumbani, swali lenyewe laweza kupotea njiani kati ya Kiswahili na Kiingereza, na homa ya siku mbili ikageuka kuwa ugonjwa wa kuua.

Maumivu ya kichwa huanza saa nane za usiku. Zahanati imefungwa, au iko mbali, au miadi ya daktari ni ya wiki ijayo, au gharama yake haibebeki. Simu iko kando ya mto. Ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi, ziwe za Dar es Salaam au Nairobi, Maskati, Leicester au Minneapolis, na hivyo ndivyo ilivyoenea tabia ya kutafuta jina la ugonjwa kwenye mtandao.

Nchini Marekani, uchunguzi wa kituo cha Pew Research Center uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba asilimia 35 ya watu wazima walikuwa wamewahi kutumia mtandao kujaribu kuutambua ugonjwa wao au wa mtu mwingine. Kati ya hao, asilimia 41 walisema mhudumu wa afya alithibitisha walichokishuku. Lakini asilimia 35 hawakumwendea mhudumu yeyote ili kupata hakika.

Hofu ya maradhi haikuzaliwa na intaneti. Mwaka 1889 mwandishi wa Uingereza Jerome K. Jerome, katika kitabu chake Three Men in a Boat, alimsawiri mtu aliyekwenda British Museum kusoma kitabu cha tiba, akatoka akiamini kwamba anaugua karibu kila ugonjwa ulioandikwa humo. Kilichobadilika ni kwamba kitabu hicho sasa kimo mfukoni mwa kila mtu, na hakina ukurasa wa mwisho.

Kichwa kinachouma na uvimbe wa ubongo

Daktari anapomsikiliza mgonjwa hufanya hesabu mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kujiuliza maradhi gani huleta dalili hii. Ya pili ni kujiuliza, kati ya hayo, yapi ni ya kawaida kwa mtu wa umri huu, anayeishi mahali hapa, aliyepitia mambo haya. Intaneti huifanya hesabu ya kwanza kwa wepesi mkubwa. Ya pili huikosea mara kwa mara, kwani haimjui anayeuliza.

Watafiti wawili wa kampuni ya Microsoft, Ryen White na Eric Horvitz, walilionyesha jambo hilo katika utafiti walioutoa mwaka 2008. Walipochunguza matokeo ya utafutaji kuhusu maumivu ya kichwa, waliona kwamba uvimbe wa ubongo ulijitokeza mara nyingi sawa na athari za kuacha kunywa kahawa. Katika maisha halisi mambo hayo mawili hayakaribiani hata kidogo: uvimbe wa ubongo humpata mtu kwa nadra sana, ilhali kichwa cha mnywaji kahawa aliyeikosa asubuhi ni jambo la kila siku.

Sababu yake si siri. Maradhi ya kutisha huandikwa zaidi na husomwa zaidi, na ukurasa unaofunguliwa na wengi hupandishwa juu ili ufunguliwe na wengi zaidi. Hakuna anayeandika makala ndefu juu ya maumivu yaliyotulia yenyewe baada ya usingizi.

Neno moja, maradhi mengi

Kwa msemaji wa Kiswahili kuna kikwazo kingine. Kurasa nyingi za tiba zimeandikwa kwa Kiingereza, na maneno ya mwili hayatafsiriki neno kwa neno.

Mtu anaposema "nina kifua", mara nyingi maana yake ni kwamba anakohoa. Akilitafsiri neno hilo kama lilivyo na kuuliza juu ya maumivu ya kifua, atapelekwa moja kwa moja kwenye kurasa za mshtuko wa moyo. "Tumbo" ni neno linaloanzia chini ya mbavu hadi kwenye nyonga, nalo hubeba kiungulia, kuhara, maumivu ya hedhi na hata ya mimba. Mtambo hauulizi ni tumbo lipi.

Neno "homa" ndilo lenye hatari kubwa zaidi. Kwa Mtanzania, homa ni joto la mwili kupanda. Kwa Wakenya wengi, homa katika mazungumzo ya kila siku ni mafua. Neno hilohilo limo katika homa ya matumbo, homa ya ini, homa ya manjano na homa ya uti wa mgongo, maradhi yasiyo na undugu wowote kwa tiba. Anayeandika "homa" na kupewa ukurasa wa mafua hana namna ya kujua kwamba amepewa jibu la swali jingine.

Homa baada ya safari

Mfano ulio wazi ni wa mtu anayeishi Uingereza, aliyekwenda likizo Tanga au Mombasa kuwaona wazazi, akarejea. Wiki mbili baadaye anapata baridi, joto, kuumwa kichwa na viungo. Ni majira ya baridi na kila mtu kazini ana mafua. Mtandao, unaojua kwamba simu iko Uingereza, unamwambia apumzike na anywe maji mengi. Jibu hilo lafaa kwa jirani yake. Kwake yeye laweza kuwa la kuua, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza alitoka wapi.

Malaria inayosababishwa na vimelea vya falciparum, ambayo ndiyo iliyoenea Afrika Mashariki, yaweza kumfikisha mtu katika hali mahututi ndani ya siku chache. Mwaka 2023 Uingereza iliandikisha zaidi ya wagonjwa 2,000 wa malaria waliotoka safarini, idadi ambayo haikuwa imefikiwa kwa zaidi ya miaka 20. Wengi wa wanaoipata huwa wamekwenda kuwatembelea jamaa na marafiki. Aliyezaliwa Afrika huamini kwamba mwili wake umeizoea malaria, lakini kinga hiyo hupungua anapoishi miaka mingi nje ya eneo lenye ugonjwa.

Homa yoyote inayotokea ndani ya mwaka mmoja baada ya safari ya namna hiyo yafaa ipimwe damu siku hiyohiyo. Neno la kwanza la kumwambia mhudumu wa afya ni jina la nchi aliyotoka mgonjwa na tarehe aliyorudi.

Picha za ngozi nyingine

Anayetafuta upele kwa picha hukutana na tatizo la namna hiyo. Picha nyingi za vitabu na tovuti za tiba zimepigwa kwenye ngozi nyeupe, ambako uvimbe huonekana kuwa mwekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo waweza kuonekana wa zambarau au kijivu, au usionekane kabisa. Mwaka 2020 Malone Mukwende, aliyezaliwa Zimbabwe na wakati huo akiwa mwanafunzi wa udaktari mjini London, alishirikiana na walimu wake kutoa kijitabu kiitwacho Mind the Gap, kinachoonyesha dalili hizo kwenye ngozi nyeusi na ya maji ya kunde.

Programu za kuuliza dalili

Baada ya tovuti zilikuja programu zinazomhoji mgonjwa hatua kwa hatua. Mwaka 2015 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard waliozipima programu 23 za aina hiyo. Ugonjwa sahihi ulitajwa wa kwanza katika asilimia 34 tu ya majaribio.

Mwaka 2019 kampuni ya Ada Health ya Ujerumani ilizindua programu ya aina hiyo kwa Kiswahili, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Hiyo ilikuwa hatua muhimu kwa lugha ambayo kwa muda mrefu ilikuwa imeachwa nyuma katika uwanja huo.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 wengi wamehamia kwenye programu za akili mnemba, au akili bandia, ambazo huzungumza kama mtu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliotolewa mwaka 2025 uliwahusisha watu 1,298 nchini Uingereza. Programu zilipopewa maelezo kamili ya mgonjwa zenyewe, zilitambua maradhi yanayohusika katika takriban asilimia 95 ya visa. Watu wa kawaida walipozitumia, walifaulu katika chini ya asilimia 35. Elimu ilikuwamo ndani ya mashine, ila ilipotea katika mazungumzo: watu hawakueleza yote, na hawakujua lipi ni la kuzingatia katika majibu waliyopewa.

Mtandao unapofaa

Yote hayo hayana maana kwamba intaneti ni adui. Mwenye kisukari au shinikizo la damu ambaye tayari amepimwa hufaidika kusoma juu ya chakula na dawa zake. Mwenye ugonjwa unaomwonea haya hupata pa kuanzia. Na anayejiandaa kwenda hospitali aweza kuutumia kutafuta maneno ya kueleza anachohisi: maumivu yako wapi hasa, yalianza lini, ghafla au polepole, yanazidi wakati gani, dawa gani zimetumiwa, na safari gani zimefanywa.

Kwa walio ughaibuni, si lazima mtoto wa shule awe mkalimani wa mama yake mbele ya daktari. Uingereza, huduma ya afya ya umma, NHS, hutoa mkalimani bila mgonjwa kulipa. Marekani, hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kufanya vivyo hivyo. Nchini England, kumwona daktari wa mtaa, kutibiwa katika chumba cha dharura, na kupimwa na kutibiwa malaria au kifua kikuu hakulipiwi, hata kwa asiye na kibali cha ukaazi.

Dalili zisizongoja

Kuna dalili ambazo hazifai kutafutwa mtandaoni hata kwa dakika moja: maumivu ya kifua yanayobana na kusambaa hadi mkononi au tayani, uso kulegea upande mmoja, mkono kukosa nguvu au ulimi kuwa mzito, kushindwa kupumua, degedege, homa yenye shingo kukakamaa, kutokwa damu wakati wa ujauzito, na mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa.

Hapo namba ya kupigwa ni 999 Uingereza, 911 Marekani na 9999 Oman. Palipo bila huduma ya gari la wagonjwa, ni kumtafuta jirani mwenye chombo cha usafiri, na kuondoka mara moja kwenda hospitali.