Mabinti wa Rodania

Rodania alikuwa farasi jike mwekundu, aliyezaliwa kwenye mahema ya kabila la Kibedui la Ruwala mnamo 1869. Nasaba yake ilitajwa hivi: Kuhaylan al-Ajuz wa Ibn Rodan. Kuhaylan ni ukoo mkuu, na Ibn Rodan ni bwana ambaye zizini kwake walizaliwa mama yake na bibi yake. Baba hayumo katika jina hilo. Ilitakiwa tu awe asili, damu safi isiyo na shaka, lakini ukoo ulifuata kuukeni, na mtoto wa farasi alipozaliwa hemani, swali la kwanza lilikuwa mama yake ni nani.

Mabedui walikuwa na sababu zao. Walikwenda kuvamia usiku, na dume akinusa farasi wa kigeni hulia, shambulio likaharibika. Jike hunyamaza. Kwa hiyo madume waliuzwa, wengi wakisafirishwa hadi Bombay kwa wanajeshi wa Kiingereza, na majike wakabaki. Jike alipouzwa, mara nyingi muuzaji aliweka sharti kwamba binti wa kwanza, pengine na wa pili, arudishwe kwake. Mnunuzi alimlisha, akampanda, akajivunia mbio zake, lakini tumbo la yule jike hakulinunua lote. Sijaona hati ya mji wowote iliyolinda uzao vizuri kuliko mapatano hayo ya mdomo. Rodania mwenyewe alizua ugomvi ndani ya Ruwala, pale Sattam ibn Shaalan, shehe wa kabila, alipomnyang'anya Ibn Rodan.

Mtu aliyekusanya koo hizi kwa mali nyingi alikuwa Abbas Pasha, mtawala wa Misri tangu 1848. Alijenga mabanda jangwani, kwenye njia ya Suez, na kutuma watu makabila kwa makabila wakanunue majike wasiouzwa. Kubwa zaidi, aliwaagiza waandike ushahidi wa wazee, kwa kiapo, juu ya kila ukoo: ulitoka kwa nani, ukaingia kwa nani, kwa vita, kwa zawadi au kwa mahari. Abbas aliuawa katika kasri lake la Banha mwaka 1854. Farasi walitawanyika, ila maandishi yale yamedumu, na mwaka 1993 yalichapishwa kwa Kiingereza. Kwangu mimi yanashinda makasri yake yote.

Mwaka 1860 mabaki ya zizi la Abbas yalipigwa mnada, na Ali Pasha Sherif akanunua walio bora. Kwa muda hakuna aliyemfikia. Kisha ikaja tauni ya farasi, likaja deni, na mwaka 1897 naye akauziwa farasi wake mjini Cairo. Miongoni mwa waliopelekwa Uingereza mwaka huo alikuwemo jike mweupe, Bint Helwa, wa kizazi cha Ghazieh, jike aliyenunuliwa na Abbas kutoka jangwani. Huko Uingereza Bint Helwa akavunjika mguu wa mbele. Farasi aliyevunjika mguu kwa kawaida hupigwa risasi. Yeye aliuguzwa, akapona na kilema chake, akaendelea kuzaa.

Waliomuuguza walikuwa Lady Anne Blunt na mumewe Wilfrid, walioanzisha shamba la farasi la Crabbet, Sussex, mwaka 1878. Lady Anne, mjukuu wa mshairi Byron, alisoma Kiarabu, alivuka Najd kwa farasi na ngamia, na kuandika nasaba za wanyama wake kwa uangalifu wa kadhi. Rodania walimnunua mwaka 1881. Umri wake ulikuwa umekwenda tayari, na farasi hubeba mimba miezi kumi na moja, kwa kawaida mtoto mmoja tu. Hapo ndipo ukoo huwa mashakani, kwa maana akizaa madume watupu, hata wakiwa mashujaa, kuukeni kumekatika.

Rodania alizaa Rose of Sharon mwaka 1885. Huyo akamzaa Ridaa, mwaka 1892. Ridaa akazaa mabinti wawili wa kukumbukwa: Risala, mama wa Rissla, na Riyala. Baba wa Riyala alikuwa Astraled, mwana wa Queen of Sheba, jike wa jangwani aliyepatikana baada ya majadiliano marefu. Damu ya Queen of Sheba imo basi katika wajukuu wa Riyala, lakini ukoo wao ni wa Rodania.

Lady Anne alifariki Cairo mwaka 1917, na baada yake farasi wakaingia mahakamani baina ya mumewe na binti yake. Kesi ilipomalizika, mwaka 1920, Jumuiya ya Kifalme ya Kilimo ya Misri ilikwenda Crabbet kununua, na miongoni mwa waliopandishwa melini walikuwa Bint Riyala, binti wa Riyala, na Bint Rissala, binti wa Risala. Ukoo uliotoka Ruwala ukaingia Misri kwa kupitia Sussex, na baadaye ukakaa kwenye shamba la farasi la Zahraa, Ain Shams.

Siku hizi vinasaba vya mitokondria, ambavyo mtoto hurithi kwa mama peke yake, hupimwa maabara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba farasi wenye jina moja la ukoo si lazima wawe wa mama mmoja. Ni kweli, na haipunguzi kitu: inawataka wafugaji wahifadhi kila mstari wa mama kwa nafsi yake, wasitosheke na jina. Hatari ya leo ni mitindo ya maonyesho. Kila mtu hukimbilia mabinti wa ukoo unaoshinda mwaka huu. Jike mwenye kichwa cha kawaida huachwa bila kupandishwa mpaka azeeke, na kitabu cha nasaba kinafunga ukurasa wake bila mtu kuona msiba. Jike huyo ndiye wa kupandishwa kwanza.

Mwaka 1963 Misri iliupa Umoja wa Kisovyeti dume Aswan, mzao wa kuukeni wa Rodania, kuwa shukrani kwa msaada wa kujenga bwawa la Aswan. Huko, kwenye shamba la farasi la Tersk, alizaa watoto wengi mashuhuri, na kila mmoja wao alichukua ukoo wa mama yake wa Tersk. Kwa Misri, wa kuendeleza ukoo wa Rodania walikuwa majike waliobaki Zahraa.